Kabla hujaogopa wadukuzi wa mbali, soma karatasi iliyofungia kitumbua chako

#1 Fundi Tona (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu. Nimeuandika usiku baada ya kufunga duka, maana jambo lenyewe limeninyima usingizi siku mbili.

Juzi asubuhi nilinunua vitumbua vinne kwa mama mmoja jirani na fremu yangu hapa Morogoro. Nilipofika cha tatu nikaona karatasi iliyovifunga ina maandishi. Ilikuwa kopi ya fomu ya mkopo. Majina matatu ya mtu. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, tarakimu zote 20, na mnajua zile 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Namba ya simu. Mshahara wa mwezi. Jina la mdhamini na namba yake. Chini kabisa, sahihi. Mafuta yalikuwa yamekula kona moja tu, mengine yote yanasomeka.

Nikamuuliza mama anazitoa wapi. Akasema anapimiwa kwa kilo sokoni. "Zimejaa huko mwanangu, mpaka za hospitali zipo."

Mimi nina steshenari, mwaka wa tisa sasa. Nikarudi dukani nikalivuta kapu langu la kopi mbovu, zile zinazotoka zimepinda au wino umefifia. Juu kabisa kulikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Chini yake kitambulisho cha mzee mmoja mteja wangu wa siku nyingi, pande zote mbili. Chini yake tena hati ya mshahara. Kapu hilo kila Jumamosi huja kijana akalibeba, ananipa elfu moja au mbili. Sijawahi kumuuliza anapeleka wapi.

Nikafungua kompyuta ya mbele, ile wanayokalia wateja. Folda ya vitu vilivyopakuliwa ina mafaili zaidi ya elfu moja. CV, barua za maombi ya kazi, vyeti vya kidato cha nne, pasipoti za watu waliosafiri zamani. Halafu WhatsApp ya mtu iko wazi kwenye kivinjari. Dada huyo alikuja wiki iliyopita kuchapisha kitu alichotumiwa na mwajiri, akaunganisha simu yake, akalipa, akaondoka. Nikiwa nakodolea macho, ujumbe ukaingia: "Majibu ya mama yametoka." Nikafunga haraka, lakini nilikuwa nimeshausoma. Dada yule hanijui jina, na mimi tayari najua kwamba mama yake anaumwa na majibu yametoka.

Ndugu zangu, sisi tumezoea kusema taarifa zetu zinaibwa na wadukuzi wa Urusi au wazungu wenye mitandao yao. Inawezekana. Lakini wengi wetu hatujafikia hatua ya kuibiwa, kwa sababu tunazigawa wenyewe. Getini kwenye daftari. Steshenari. Kwa fundi simu, na namba ya kufungulia umemwandikia kwenye kipande cha plasta nyuma ya kava. Kwa wakala wa pesa. Na kwenye programu za mikopo ya kausha damu, ambazo kabla hazijakupa shilingi zinakuomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simu yako.

Katiba yetu Ibara ya 16 inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake binafsi. Hiyo ni Katiba ya 1977, hatukuikopa jana. Na tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, ina Tume yake, na mtu anaruhusiwa kupeleka malalamiko huko. Sheria hiyo inataka anayekusanya taarifa zako awe na sababu maalumu, akwambie ni ipi, na asichukue kuliko anachohitaji. Nilikuwa naisoma kama mtu anayedai haki yake. Juzi ndiyo nimeelewa kwamba hata mimi ni mkusanyaji. Mwenye steshenari ni mkusanyaji. Mlinzi wa getini ni mkusanyaji.

Nilichofanya mpaka sasa: kapu nimelichoma moto nyuma ya duka. Folda nimeifuta. Wateja wanaounganisha WhatsApp, hawatoki mpaka nimeona wamejiondoa. Najua hayatoshi. Nataka kusikia kwenu mnafanyaje, na wapi mmewahi kuombwa taarifa mkauliza "ya nini?", na mkajibiwa nini.

Nawasilisha.

#2 Mama Vitumbua

Mwanangu, si mimi niliyekuuzia, mimi niko Tanga, lakini hiyo karatasi naijua. Mimi nilikuta karatasi ya shule ya mjukuu wa jirani yangu, matokeo yote, masomo mangapi kafeli. Nikaikunja nikampelekea mamaye kimyakimya. Tangu siku hiyo nafungia magazeti ya zamani tu, na sasa magazeti nayo hayapatikani, watu wanasoma kwenye simu. Tuambieni tufungie nini basi.

#3 Mkweli Daima

Mleta uzi unakuza mambo. Kama huna cha kuficha unaogopa nini? Mimi namba yangu ya NIDA hata ukibandika stendi ya Msamvu sina shida. Serikali inanijua, Mungu ananijua.

#4 Mama Vitumbua

Mkweli Daima baba, mimi sina cha kuficha pia. Siuzi gongo, siuzi bangi. Lakini sitaki mwenye fremu ajue nauza sahani ngapi kwa siku, maana siku atakayojua ndiyo siku atakayopandisha kodi.

#5 Saiba ya Majengo

Salamu kutoka Mombasa. Hapa kwetu steshenari tunaita saiba, na yale unayosema ni yetu kabisa. Mimi nimefanya kazi kwenye saiba tangu nikiwa shule. Mteja anakuja, anataka kufanyiwa ritani za kodi za KRA, mamlaka yetu ya mapato, mwingine anataka pasipoti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Hajui nenosiri lake. Kwa hivyo mwenye saiba ana daftari la kaunta, ameandika jina la mteja, PIN yake ya kodi na nenosiri lake, watu mia na zaidi, na hilo daftari liko kando ya chai. Mteja mwenyewe ndiye anakuambia, "Niwekee hapo, mwaka ujao nitarudi." Mimi nikiwa kijana nilikuwa naona hiyo ni huduma nzuri kwa mteja.

Na geti la huku ni kubwa kuliko lenu. Huku hauandiki tu, unaacha kipande chenyewe, yaani kitambulisho, kwa soja wa getini, unapewa kadi ya mgeni. Nimewahi kutoka jengo moja Nairobi nikapewa kitambulisho cha mwanamke wa Kisumu. Soja akaniambia nisubiri, pengine huyo mama atarudi na changu.

#6 Dogo wa Kihonda

😂😂 Saiba ya Majengo nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Sasa ulirudi nyumbani kama nani?

Mimi nina kisa cha steshenari. Mzee alikuwa anajaza maombi mtandaoni, mhudumu akamwambia, "Mzee, nenosiri liwe na herufi kubwa." Mzee akauliza, "Kubwa kiasi gani?" Mhudumu akasema, "Moja tu inatosha." Mzee akachukua karatasi ya A4, akaandika herufi K imejaa ukurasa mzima, akamkabidhi.

#7 Fundi Tona

Dogo, huyo mzee namheshimu. Kiswahili chake kilikuwa sahihi, sisi ndio tuliomletea neno bila kulieleza. Na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kwa kuwa hatujamweleza, tunamtengenezea sisi. Nami nimelifanya hili kwa miaka, naliandika hapa wazi. Kila mteja asiye na imeili nilikuwa namfungulia, na nenosiri nililowapa lilikuwa moja kwa wote: jina la duka na mwaka. Wanafunzi wa maombi ya mkopo wa Bodi, vijana wa Ajira Portal, ile tovuti ya kuomba kazi za serikali, wazee wa kuhakiki vyeti, wote funguo moja. Mwaka juzi kijana niliyemwajiri aliondoka kwa ugomvi. Baada ya miezi miwili binti mmoja akaja analia, imeili yake haifunguki, na kule ndiko alikotarajia kuitwa kwenye usaili. Sikuwa na ushahidi ni nani. Lakini nilijua ufunguo ulitoka kwangu. Yule binti nilimrudishia pesa yake, usaili sikuweza kumrudishia.

Saiba ya Majengo, lile daftari la kaunta mlilifanya nini?

#8 Saiba ya Majengo

Bado lipo, ndugu yangu. Sitakudanganya. Kesho nitalifungia kwenye droo, na mteja akija nitamkalisha abadilishe nenosiri mwenyewe na aliandike kwenye simu yake, hata kama foleni itanung'unika.

Niongeze jambo la kwetu kwa sababu mmeuliza habari ya "ya nini?". Mwaka 2023 walikuja watu na lile tufe linalong'aa, Worldcoin, wanapiga picha mboni ya jicho lako, na ukikubali unapata sarafu za kidijitali 25, wakati ule zilikuwa karibu shilingi elfu saba za Kenya. Kwenye jumba la mikutano la KICC pale Nairobi watu walipanga foleni tangu alfajiri. Nilimuuliza binamu yangu aliyekuwa kwenye foleni, "Wanataka jicho lako kwa sababu gani?" Akasema, "Hata sijui, lakini unga umepanda." Simlaumu. Mtu mwenye njaa hana nafasi ya kuuliza maswali mengi. Agosti mwaka huohuo serikali ikasimamisha ile kazi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru zile taarifa za kibayometriki zifutwe ndani ya siku saba. Lakini nenosiri ukiibiwa unabadilisha. Jicho utabadilisha na nini?

#9 Bi Mtumwa wa Ng'ambo

Vijana hamjambo. Niwaambieni la kwetu Unguja. Mjukuu wangu alinipeleka nifungue akaunti mahali. Kompyuta ikaandika: thibitisha kwamba wewe si roboti. Nikamwambia mjukuu, mimi nimezaa watoto saba, huyu nani ananiuliza kama ni roboti? Kisha ikaniletea picha, chagua zenye bomba la zimamoto. Katika umri wangu wote sijaona bomba la zimamoto lililosimama barabarani kama kinguzo chekundu. Nikachagua picha zote zilizokuwa na rangi nyekundu. Ikanikatalia mara tatu.

Nacheka sasa, lakini siku ile niliona haya. Mashine ilikuwa inanipima kwa vitu vya mji wa watu wengine.

#10 Dogo wa Kihonda

Shikamoo bibi. Hilo la bomba tunalipata wote, mimi nimesoma mpaka chuo na bado nabahatisha.

#11 Fundi Chuma

Wakuu, mimi natengeneza mashine za fotokopi Kariakoo. Mleta uzi umegusa karatasi na kompyuta, umeiacha mashine yenyewe. Zile fotokopi kubwa za kidijitali mnazonunua zikiwa zimetumika, zinazotoka Ulaya na Dubai, nyingi zina diski ndani kama ya kompyuta. Unachoskani au kutoa kopi kinaweza kubaki humo. Nimefungua mashine iliyokuja kwenye kontena, diski yake ina nyaraka za ofisi ya huko ilikotoka, mikataba na majina ya watu. Na yako ukiiuza kesho, anayenunua anapata cheti cha yule mtoto wako wa kwenye kapu. Ingia kwenye mpangilio wa mashine, tafuta sehemu ya kufuta data ya diski. Kama huioni, mwite fundi kabla hujauza.

Na hilo la kufuta folda, mkuu, usilale. Kompyuta ikifuta faili haiondoi maandishi palepale. Inachofanya ni kusahau faili liko wapi na kuruhusu nafasi ile iandikwe kitu kingine. Mpaka iandikwe, mtu mwenye programu ya kurudisha mafaili anaweza kuyapata. Flashi pia hivyohivyo, ukiifomati kwa haraka vitu bado vipo.

#12 Fundi Tona

Mkuu Fundi Chuma, asante sana. Mashine yangu ni ya hivyohivyo, ilinunuliwa ikiwa imetumika. Jumapili nitafunga duka nishughulike nayo.

Kuhusu flashi, kuna jambo wenzangu wa steshenari watalikumbuka. Virusi vya shotikati. Mteja anachomeka flashi, mafaili yote yamegeuka vishale vidogo, analia kazi yake ya utafiti imepotea. Mafaili yapo, yamefichwa tu. Unaandika amri moja ya attrib, yanarudi, na mteja anakuona mganga. Lakini yakirudi, yanarudi yote, na wewe umeketi mbele ya kioo unayaangalia. Nimeona barua za talaka. Nimeona picha ambazo mtu alimtumia mumewe aliye mbali. Sikuzifungua, ila zinajionyesha zenyewe kwa vidogovidogo kwenye folda. Sasa nimebadili mwonekano wa mafolda uwe wa orodha ya majina, picha hazijitokezi. Ni jambo la sekunde mbili, na sikuwahi kulifikiria kwa miaka minane.

#13 Mjomba wa Ilala

Naomba niseme la mikopo. Dada yangu alichukua laki moja kwenye moja ya programu hizo mwaka juzi. Alichelewa siku nne. Siku ya tano ujumbe uliingia kwa mchungaji wake, kwa mwajiri wake, kwa mwalimu wa mtoto wake na kwangu, kwamba yeye ni tapeli na sisi ni wadhamini. Mimi sijadhamini mtu. Namba yangu waliichota kwenye simu yake. Kilichomuumiza hakikuwa deni, deni alilimaliza wiki ileile. Kilichomuumiza ni kwamba kwaya ilijua.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Nilipoisoma niliona nimechelewa kusoma, lakini nilifurahi. Hata hivyo kabla ya orodha kulikuwa na ruhusa. Yeye alibonyeza "ruhusu". Kila mmoja wetu hubonyeza "ruhusu". Na hapo nauliza: aliruhusu majina yake, je, langu nani aliruhusu?

#14 Fundi Tona

Mjomba, hilo swali lako la mwisho ndilo nilikuwa nalitafuta tangu jana na sikulipata kwa maneno. Taarifa zangu haziko kwangu peke yangu. Ziko kwenye simu za watu 300 walionihifadhi. Mmoja wao akikosea, nimetoka nje wote. Kwa hiyo Mkweli Daima anaposema yeye hana cha kuficha, mimi namwambia kwa heshima: kaka, sawa, lakini simu yako ina namba ya dada yangu.

#15 Mkweli Daima

Fundi Tona, hapo umenikamata. Sikuwa nimeliangalia hivyo. Nimeingia sasa hivi kwenye mipangilio ya simu nikaangalia programu zenye ruhusa ya kusoma majina. Tochi. Tochi, wakuu! Programu ya tochi inasoma namba zote nilizonazo. Nimeiondoa.

#16 Nyuzi Huru

Wakuu nawaheshimu, lakini mnazungumzia vitumbua na tochi wakati kuna mambo makubwa. Oktoba 2023 tuliambiwa anayetumia VPN, ile programu ya kupitisha mtandao wako kwa njia ya siri, ajisajili na mamlaka. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na tukakaa gizani siku kadhaa. Nilikuwa na mdogo wangu mkoa mwingine, sikujua kama yuko salama mpaka mtandao uliporudi. Huwezi kuniambia mlinzi wa getini na mtu anayezima mtandao wa nchi ni kitu kimoja. Ibara ya 18 ya Katiba inasema nina uhuru wa kufanya mawasiliano na haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano yangu. Hiyo ndiyo ya kujadiliwa.

#17 Fundi Tona

Nyuzi Huru, pole kwa siku zile. Mimi pia nilikaa kwenye duka lisilo na mtandao, watu wanakuja wanasimama mlangoni, hawana cha kuchapisha, wanataka tu kuuliza kama nimesikia chochote. Mama mmoja alikuja mara tatu kwa siku moja. Sikuwa na la kumwambia. Sijawahi kujisikia duka langu dogo kiasi kile.

Sisemi ni kitu kimoja. Ukubwa haulingani hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mimi nimezoeshwa. Tangu nikiwa mdogo nimeandika jina langu, nilikotoka na ninayekwenda kumwona kwenye kila daftari nililowekewa mbele, na sijawahi kuuliza. Mwaka 2019 tulipoweka vidole kusajili laini, foleni zilikuwa ndefu, mwisho ulikuwa Desemba 31 ukasogezwa mpaka Januari 20, 2020. Nilisimama kwa muda wa saa tano kwenye foleni. Waliokuwa kwenye foleni walilalamikia jua. Hakuna aliyeuliza alama za vidole vyetu zitakaa wapi, na nani atazifungua. Hata mimi sikuuliza, na kazi yangu ni nyaraka. Usajili wenyewe una faida yake, sikatai, matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" walikuwa wametuchosha. Lakini swali lilikuwa halali, na hakuna aliyelitoa mdomoni.

Mtu asiyeweza kumuuliza mlinzi "ya nini?" atamuulizaje mwenye mamlaka? Ulimi unahitaji mazoezi. Ndiyo maana nimeanzia getini.

#18 Bi Mtumwa wa Ng'ambo

Mwanangu umesema. Na msisahau mlango wa chumbani. Naona wanandoa wa siku hizi wanapekuana simu mpaka usiku. Jirani yangu kamshika mumewe kidole akiwa kalala, kakibandika kwenye simu ikafunguka. Alichokikuta ni ujumbe wa mumewe kumuomba kaka yake pesa za kumnunulia yeye zawadi ya Idi. Zawadi haikuwa tena ya kushtukiza, na aibu kaipata bure.

#19 Dogo wa Kihonda

Bibi 😂 kuanzia leo nalala na glavu.

Mleta uzi, na askari akikusimamisha akasema fungua simu nione? Sheria inasemaje?

#20 Fundi Tona

Dogo, mimi si mwanasheria. Ninachokijua ni hiki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi au mwenye cheo kinacholingana naye kutoa amri ya kupekua na kukamata kifaa akiwa na sababu za msingi za kushuku kosa. Maana yake kuna mtu mwenye cheo anayetakiwa kutoa amri, na kuna sababu inayotakiwa kuwepo. Kuuliza kwa adabu "Afande, kuna amri?" si kumtukana mtu. Namna ya kuuliza ni muhimu. Marehemu baba yangu alikuwa akisema neno "samahani" kabla ya kila swali gumu, na hakuna aliyemwona mkorofi.

#21 Saiba ya Majengo

Huku kwetu ofisi ya Kamishna wa Data iliwahi kutoza faini shule moja, shilingi 4,550,000 za Kenya, kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Na klabu moja ya burudani 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja. Hiyo ni Septemba 2023. Tangu siku hiyo shule ya mtoto wangu inatuma fomu nyumbani: unakubali picha, hukubali? Nilikataa. Mwalimu hakununa. Mtoto wangu bado anacheza na wenzake, ila hayuko Facebook.

#22 Fundi Tona (siku tatu baadaye)

Wakuu, nimerudi na matokeo.

Jana nilikwenda ofisi moja hapa mjini kupeleka karatasi za oda. Getini daftari lilelile: jina, unakotoka, namba ya simu, namba ya kitambulisho, unayemwona, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Ukurasa umefunguliwa, na juu ya mstari wangu kuna watu 17. Dada mmoja kabla yangu aliandika jina na namba yake. Kijana aliyekuwa nyuma yangu alikuwa ameshatoa simu, na sidhani alikuwa anaangalia saa.

Nikasema, "Samahani mzee wangu, shikamoo. Namba ya kitambulisho ni ya nini?"

Mlinzi, mtu mzima wa miaka sitini hivi, akaniangalia kwa muda. Akasema, "Marahaba. Kusema kweli sijui. Daftari nimelikuta hivyo." Nikamwambia naandika jina na simu, kitambulisho namwonyesha akione kwa macho. Akakubali. Kisha akainama karibu akaniambia binti yake anafanya kazi kwenye jengo jingine, aliandika namba yake kwenye daftari la namna hii, na kwa miezi mitatu mwanamume asiyemjua alikuwa anampigia usiku. Wakabadilisha laini. "Nililiwaza siku ile," akasema, "lakini nikadhani ni bahati yake mbaya."

Nikarudi dukani. Nikachukua karatasi ngumu ya manila, nikaipima sawa na ukurasa wa daftari la kaunta, nikakata dirisha refu la upana wa mstari mmoja, nikailamineti. Ukiiweka juu ya ukurasa unaona mstari wako tu, wa juu na wa chini vimefunikwa. Mgeni akimaliza unaisogeza. Imenigharimu chini ya elfu mbili. Jioni nikampelekea.

Akaiweka, akaisogeza juu, akaisogeza chini, akaangalia. Asubuhi hii kanipigia simu. Anataka nyingine ya mwenzake wa zamu ya usiku, na kasema ile ya kwanza nimekata dirisha jembamba, macho yake hayaoni vizuri, nizidishe kidogo.

#23 Mama Vitumbua

Mwanangu, vipimo viweke hapa. Shuleni kwa mjukuu kuna daftari kama hilo.

#24 Fundi Tona

Mama, kwa daftari la kaunta la kawaida: dirisha sentimita moja na robo kwenda chini, na urefu acha sentimita mbili kila upande zisikatwe, vinginevyo manila inapinda. Pembe zizungushe kwa mkasi kabla ya kulamineti, zisiwachome mikono.